Shajara ya mradi: mizizi ya maigoya na forskolini

6 Februari

Chupa imefika. Ni kichupa cha kioo chenye urefu wa kidole gumba, na chini yake kuna unga mweupe kidogo sana: miligramu 10 za forskolini, kemikali inayotolewa kwenye mizizi ya mmea. Tumeingoja wiki saba. Nimeiweka kwenye freza, nikaandika tarehe kwenye kifuniko, kisha nikarudi kuitazama mara mbili kabla ya kutoka.

Naanza kuandika shajara hii kwa sababu mradi una maswali mawili yanayofanana, na nataka kila nitakachokiona kibaki chini ya swali lake. La kwanza: mizizi ya maigoya, hii mimea ya nyua za kwetu karibu na Mlima Kenya, ina forskolini au haina? La pili: kama dawa inayochemshwa kutokana na mizizi hiyo inatuliza tumbo, je, inatuliza kwa njia ya forskolini?

Kwa aliyekulia mbali na huku, maigoya ni kijiti cha ua, yaani uzio. Unakata tawi, unalichomeka kwenye matope wakati wa mvua, na baada ya miezi michache una ua mzima. Majani yake ni mapana, laini, yana vinyweleo kama kitambaa cha fulana. Kabla ya karatasi za choo kufika kila duka, haya ndiyo yaliyokuwa karatasi, na hadi leo kuna maboma ambayo kijiti kimoja kimeachwa nyuma ya choo kwa heshima ya kazi hiyo. Wanaoivisha ndizi huzifunika kwa majani haya. Maua yake ni ya buluu iliyokaribia zambarau. Ukisugua jani unapata harufu inayokukumbusha kwamba ni jamaa ya mnanaa na mrehani.

Jina lake la kisayansi limehamahama. Vitabu vingi vya Afrika Mashariki vinaandika Plectranthus barbatus. Miaka ya karibuni wataalamu wa mimea wameurudisha kwenye jenasi ya Coleus, kwa hiyo sasa ni Coleus barbatus. Wahindi, ambao walitoa forskolini kwenye mizizi yake, kwa muda mrefu waliuita Coleus forskohlii. Ukisoma majina hayo matatu bila kujua, utadhani ni mimea mitatu.

9 Februari

Mdogo wangu ameniuliza kwenye simu, forskolini inatibu nini? Nilisita, kwa kuwa swali halikukaa sawa. Kuna dawa ya moyo iliyotengenezwa kutokana nayo, inaitwa colforsin daropate, nayo iliidhinishwa Japani. Lakini thamani kubwa ya forskolini duniani si kutibu. Thamani yake ni kwamba inafanya jambo moja linalojulikana vizuri ndani ya seli, na kwa hiyo watafiti wanaitumia kuuliza maswali.

Nilimweleza hivi. Homoni nyingi haziingii ndani ya seli. Zinafika kwenye utando wake kama mgeni mlangoni, zinabisha hodi. Aliye mlangoni anapeleka habari jikoni, na jikoni kuna kimeng'enya kiitwacho adenilili siklesi. Kikipata habari, kinaanza kupika kemikali ndogo, AMP ya mzunguko, ambayo kwenye daftari naiandika cAMP. Hiyo cAMP ndiyo inayozunguka nyumba nzima kuwaambia wengine wafanye nini: moyo upige kwa nguvu zaidi, msuli laini ulegee, utumbo utoe maji. Earl Sutherland alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971 kwa kuonyesha kwamba homoni hufanya kazi kupitia mjumbe wa aina hii.

Forskolini haibishi hodi. Inapenya utando, inaingia moja kwa moja jikoni na kuwasha moto. Mwaka 1981 Kenneth Seamon na John Daly, kwenye Taasisi za Taifa za Afya za Marekani huko Bethesda, walionyesha kwamba inakiamsha kimeng'enya chenyewe, bila kumhitaji mgeni wala bawabu. Tangu hapo karibu kila maabara inayochunguza mawasiliano ya seli ina kichupa kama hiki changu kwenye freza. Unataka kujua kama jambo fulani linasababishwa na cAMP? Ongeza forskolini, utazame.

Mdogo wangu akasema, "Kwa hiyo ni kiberiti." Ndiyo, ni kiberiti. Nimelichukua neno lake.

14 Februari

Leo tumeyeyusha. Nilikuwa tayari nimeshika kifuniko nikitaka kukifungua, fundi sanifu wetu akaniwekea mkono. "Mwanangu, izungushe kwanza." Unga mwepesi kama huu hupanda ukanata chini ya kifuniko njiani, na ukifungua tu, sehemu ya dawa inabaki kidoleni. Tukaiweka kwenye mashine ya kuzungushia damu kwa dakika mbili, unga wote ukakaa chini. Mzee huyu ana miaka zaidi ya 30 kwenye maabara, na kila wiki ananiokolea kitu.

Hesabu, ili nisiirudie: molekuli yake ina uzito wa 410.5. Miligramu 10 kwenye mililita 2.44 za DMSO, kiyeyushi cha maabara, zinanipa mmumunyo wa milimola 10 kwa lita. Kwenye maji haiyeyuki vya kutosha, ndiyo maana tunatumia DMSO. Nimeigawa kwenye vichupa 40, kila kimoja mikrolita 60, ili nisiwe nagandisha na kuyeyusha kimoja hichohicho kila siku. Kwenye bakuli la mililita 20, mikrolita 20 zinatoa mikromola 10 kwa lita, na DMSO inabaki sehemu moja katika elfu. Kiasi hicho cha DMSO peke yake lazima nikijaribu pia. Kama utumbo utalegezwa na DMSO, sitakuwa nimepima chochote.

21 Februari

Siku nzima shambani kwa nyanya, upande wa Nyeri. Kibali cha utafiti nimekibeba kwenye bahasha, lakini nyanya alitaka kwanza kujua nitachimba upande gani.

"Huo wa barabarani usiuguse, ng'ombe watapita. Chimba wa nyuma, na usichimbe kijiti kizima. Toa mzizi upande mmoja, rudisha udongo, mwagia maji."

Nikafanya hivyo. Mizizi yake inashuka kwa pembe, minene kama kidole cha shahada, na ukiukata una rangi ya machungwa iliyofifia ambayo inageuka kahawia ukiwa umeishika. Harufu yake si ya majani. Ni kali, inakaribia ya mti uliochanwa. Wanabayolojia wa Denmark walichunguza mizizi ya mmea huu kwa hadubini wakakuta kwamba forskolini hukaa kwenye matone ya mafuta ndani ya seli za gome la mzizi, kwa hiyo sikuosha kwa kusugua. Nilimwagia maji tu nikaipangusa kwa kitambaa.

Nyanya ananieleza kwamba mama yake alikuwa akichemsha mizizi hii kwa mtu mwenye tumbo la kusokota. Si kuhara, alisisitiza. Kusokota. "Wa kuhara alipewa kitu kingine." Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kusokota ni msuli wa utumbo kukaza. Kuhara ni utumbo kumwaga maji. Forskolini ingelegeza msuli, na papo hapo ingeongeza maji. Sumu ya kipindupindu inamaliza watu kwa njia hiyohiyo: inamshikilia bawabu wa mlangoni asiache kupeleka habari, cAMP inafurika, na utumbo unamwaga maji bila kukoma. Kwa hiyo mzizi wenye forskolini nyingi usingekuwa dawa ya kumpa mtu anayehara, na akina nyanya, kwa namna yao, hawakumpa.

Sitalifanya hilo kuwa ushahidi. Lakini nilipokuwa nikirudi kwenye matatu lilinikaa kichwani njia nzima.

Sampuli mbili zenye maua zimebanwa kwenye magazeti kwa ajili ya hebaria ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Bila hizo hakuna atakayejua baadaye nilichimba mmea gani.

2 Machi

Mizizi imekauka kivulini siku sita. Kilo mbili na robo mbichi zimebaki gramu 390. Nimeisaga kwenye kinu, nikailoweka kwenye asetati ya ethili siku tatu, nikachuja, nikavukiza kiyeyushi. Kilichobaki chini ya chupa ni utomvu mzito wa rangi ya hudhurungi unaonata kama asali ya nyuki wadogo. Hata kwenye mizizi ya India, inayolimwa kwa ajili hiyo, forskolini ni chini ya asilimia 1 ya uzito mkavu, kwa hiyo sitarajii kuiona kwa macho.

5 Machi

Siku ya hasara. Nilikuwa naandaa maji ya Tyrode, yale ya chumvi na glukosi yanayouweka utumbo hai nje ya mwili. Nilitia kloridi ya kalsiamu mapema, kabla ya kujaza maji, juu ya bikaboneti iliyokuwa bado nzito. Lita tano zikageuka nyeupe kama maji ya mchele. Kalsiamu imeshikana na wenzake, haiwezi tena kumfikia msuli, na bila kalsiamu msuli haukazi. Nimemwaga zote. Kalsiamu inakwenda mwisho, ikiwa imeyeyushwa pembeni, polepole, maji yakiwa yanapulizwa hewa. Nimeibandika karatasi juu ya beseni.

6 Machi

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa machinjioni na chupa ya chai ya kuhifadhi joto, ila leo imebeba baridi: maji ya Tyrode na vipande vya barafu pembeni. Sitaki kumchinja sungura kwa swali ambalo mbuzi aliyekwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama anaweza kulijibu. Mzee anayesafisha matumbo ananijua sasa. Anakata sehemu ya utumbo mwembamba niliyomwonyesha, haifinyi, anaiacha iteleze yenyewe ndani ya chupa. "Huyu wako bado anacheza," alisema. Ni kweli. Ulikuwa ukijikunja ndani ya maji ya baridi.

Saa moja baadaye kipande cha sentimita mbili kilikuwa kimening'inia ndani ya bakuli la kioo, uzi mmoja chini, mwingine juu kwenye kipima mvuto, nyuzi joto 37, vipovu vya hewa vikipanda pembeni yake. Dakika ishirini za mwanzo hakikufanya lolote. Kisha kwenye skrini mstari ukaanza kupanda na kushuka, kwanza vilima vidogo, baadaye mawimbi sawasawa, moja nyuma ya jingine. Nimeyaona haya kwenye vitabu miaka mingapi. Kuyaona yakitoka kwenye kitu kilichokuwa tumboni mwa mbuzi saa chache zilizopita ni jambo jingine kabisa. Nilivuta kiti nikakaa tu.

Asetilikolini kwanza, kuhakikisha msuli unakaza: ulikaza. Nikaosha mara tatu. DMSO peke yake: mawimbi hayakubadilika. Halafu forskolini, mikromola 10. Haikuanguka ghafla kama nilivyodhania. Mawimbi yalianza kupungua kimo, kila moja likiwa fupi kuliko lililotangulia, na mstari wa chini ukashuka taratibu, hadi baada ya dakika kama nne kipande kilikuwa kimenyooka kama uzi uliolowa. Nikaosha, nikangoja. Kikarudi.

Fundi sanifu alikuja kutazama, akasema, "Sasa una rula." Ndivyo ilivyo. Kuanzia leo nina kitu ninachokijua cha kulinganishia nisichokijua.

12 Machi

Utomvu wa mizizi umelegeza utumbo.

Vipande vitano, vya mbuzi wawili, na vyote vimefanya hivyohivyo: mawimbi yakafa, mstari ukashuka, ukioshwa unarudi. Kwa kutazama mchoro wa leo na wa tarehe 6, mtu asiye na maandishi ya pembeni hangejua upi ni upi. Nilimpigia nyanya simu palepale. Alifurahi, lakini hakushangaa.

Mwalimu msimamizi aliangalia michoro yote miwili, akaiweka mezani, akaniuliza: "Ukimkuta mtu amelala, unajuaje kama amechoka, amelewa au anaumwa?" Nimeielewa. Utumbo hulegea kwa sababu nyingi. Atropini huulegeza kwa kumzuia asetilikolini. Dawa zinazofunga milango ya kalsiamu huulegeza. Kafeini nyingi huulegeza kwa sababu inazuia cAMP isivunjwe. Mmea una mamia ya kemikali, na yoyote kati ya hizo ingeweza kunichorea mchoro huu.

18 Machi

Kromatografia ya bamba jembamba, njia ya kutenganisha kemikali. Bamba la silika, penseli, vidoa vitatu chini: forskolini safi, utomvu wetu, na cha tatu vyote viwili juu ya kimoja. Kiyeyushi ni tolueni na asetati ya ethili. Kinapanda kwenye bamba kama maji kwenye utambi, na kila kemikali inaachwa njiani pale uwezo wake unapokwisha.

Chini ya taa ya urujuanimno forskolini haionekani, haina muundo wa kuumeza mwanga ule. Lazima umnyunyizie anisaldehidi yenye asidi ya salfuriki, kisha uweke kwenye oveni ya nyuzi 110. Tukasimama mbele ya kioo cha oveni. Dakika ya pili bamba bado jeupe. Dakika ya nne upande wa utomvu ukaanza kuamka: njano, kijani, waridi, msururu mzima wa madoa kama shanga. Halafu upande wa forskolini likatokea doa moja tu, la zambarau iliyoelekea wekundu. Na upande wa utomvu, kwenye kimo kilekile, doa la zambarau.

Nilipiga picha. Mikono ilikuwa ikitetemeka na picha ya kwanza haikufaa.

Wanafunzi wenzangu wawili walikuja kunipongeza. Nimewaambia tungoje. Moyoni sikuwa nimengoja.

25 Machi

Nimebadilisha kiyeyushi. Hii ndiyo njia ya haki: watu wawili wanaweza kufika pamoja kwenye mlima mmoja, wape mlima mwingine uone. Safari hii nimeongeza methanoli kidogo kwenye tolueni na asetati ya ethili, nikatumia bamba refu zaidi.

Kidoa cha tatu, kile chenye vyote viwili, ndicho kilichosema. Kwenye kiyeyushi cha kwanza kilikuwa doa moja la duara. Leo kimetokea kama karanga: vichwa viwili, kiuno katikati. Kichwa cha juu ni cha utomvu wetu, cha chini ni cha forskolini safi. Nimerudia kwenye mabamba matatu, nikapunguza kiasi, nikampa fundi sanifu aweke vidoa kwa mkono wake. Karanga ileile kila mara.

Doa letu la zambarau si forskolini. Ni jamaa yake, pengine wa karibu, kwa kuwa inashika rangi karibu ileile na inapanda karibu kimo kilekile. Lakini katika ukoo huu ujamaa hautoshi. Kuna kemikali iitwayo 1,9-dideoksi-forskolini, ambayo ni forskolini iliyopungukiwa na atomi mbili tu za oksijeni. Umbo lilelile, uzito karibu uleule. Kimeng'enya hakiitambui. Watafiti huinunua makusudi kwa sababu haifanyi kazi hiyo: wakiona forskolini na hiyo dideoksi zote mbili zimeleta badiliko moja, wanajua badiliko hilo halitokani na cAMP. Na hilo hutokea, kwani forskolini yenyewe ina mambo mengine inayoyafanya pembeni, kama kugusa mlango wa kuingizia glukosi. Kiberiti nacho kina moshi.

Nimeumia, sitaficha. Nilirudi nyumbani kwa miguu.

27 Machi

Mtu mmoja wa mtaani amesikia ninachofanya, akaniuliza kama ninaweza kumtengenezea vidonge vya kupunguza mwili. Ameviona mtandaoni vikiuzwa kwa jina la forskolini. Nimekaa naye kibarazani nusu saa. Nilimwambia kwamba majaribio yaliyofanywa kwa watu kuhusu uzito ni madogo, na hayatoshi kumwambia mtu ameze. Nilimwambia pia kwamba forskolini inalegeza mishipa na kuzizuia chembe sahani za damu zisishikane, kwa hiyo mtu anayemeza dawa za presha au za kuzuia damu isigande anaweza kujidhuru. Yeye anameza za presha. Alinishukuru, akaniomba nimweleze na mke wake.

3 Aprili

Mvua imezuia safari ya machinjioni, nimesoma. Nataka kuandika hapa jambo moja ambalo limenirudisha kwenye meza.

Mwaka 2013 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walichapisha kipimo hiki. Unachukua kinyama kidogo kutoka utumbo wa chini wa mtu, unakikuza hadi seli zake zinajipanga kuwa vifuko vidogo vyenye uwazi katikati, kama viputo vya sabuni. Unaongeza forskolini. cAMP inapanda, mlango wa kloridi unaoitwa CFTR unafunguka, maji yanaingia, na vifuko vinavimba chini ya hadubini. Vya mtu mwenye ugonjwa wa uvimbenyuzi (cystic fibrosis), ambaye mlango huo umeharibika tangu kuzaliwa, havivimbi. Ukiweka dawa inayoutengeneza mlango wake, vinaanza kuvimba. Kwa hiyo daktari anaweza kuijaribu dawa kwenye viputo vya mgonjwa huyu hasa kabla ya kumpa. Kuna watu wenye mabadiliko ya nadra ya jeni, ambao hakuna jaribio kubwa lingewafikia, wamejibiwa na viputo vyao.

Kiini cha kipimo hicho ni mzizi wa ua. Na kinafanya kazi kwa sababu moja: anayeongeza forskolini anajua kwamba ni forskolini, si jamaa yake. Angeongeza utomvu kama wangu, viputo vingevimba au visivimbe, na hakuna ambaye angejua kwa nini.

Peter Forsskål, ambaye jina lake limo ndani ya neno hili, alikufa kwa malaria huko Yarim, Yemeni, mwaka 1763, akiwa na miaka 31, akikusanya mimea katika msafara wa Denmark. Kati ya wenzake wa msafara aliyerudi nyumbani ni Carsten Niebuhr peke yake, naye ndiye aliyechapisha maandishi ya Forsskål mwaka 1775. Nimefikiria sana leo kuhusu Niebuhr akizipanga karatasi za marehemu, kila jani na mahali lilipookotwa.

10 Aprili

Kama utomvu wetu haulegezi kwa forskolini, je, unapita kwenye cAMP kwa namna yoyote? Kuna jaribio rahisi. Teofilini, ndugu wa kafeini, huzuia cAMP isivunjwe. Dozi ndogo yake isiyofanya lolote peke yake inapaswa kuongeza nguvu ya kitu chochote kinachowasha jiko lile.

Vipande vya mbuzi watatu. Forskolini mikromola 1, ambayo peke yake ilishusha mawimbi kidogo tu, ilipotanguliwa na teofilini iliyashusha karibu yote. Rula yangu inafanya kazi. Utomvu, kwa dozi ndogo, teofilini ikiwepo au isiwepo: mchoro uleule. Nikaukaza utumbo kwa potasiamu nyingi, ambayo hufungua milango ya kalsiamu na kuishikilia wazi. Utomvu ukaulegeza hata hapo, kwa urahisi.

Kwa hiyo navyoona leo, na ni mbuzi watatu tu, kilichomo kwenye ua wa nyanya kinaelekea upande wa kalsiamu, hakielekei upande wa cAMP. Kama ni hivyo, kingetuliza kusokota bila kuongeza maji. Msimamizi amesema nisilitamke nje ya maabara mpaka nigawe utomvu sehemu kwa sehemu nione ni ipi inayobeba kazi. Nimekubali.

17 Aprili

Nimempelekea nyanya picha za mabamba, zimechapishwa kwenye karatasi ngumu. Alizipangusa kwa kanga kabla ya kuzishika. Nikamwonyesha karanga.

"Kwa hiyo dawa yangu si ile ya Wahindi."

"Si ile, nyanya. Ya kwako inalegeza, lakini kwa njia yake."

"Na mmea ni mmoja?"

Nikamwambia mmea ni mmoja, ila hata India kwenyewe mizizi ya sehemu moja na nyingine hutofautiana sana kwa kiasi cha forskolini, na huu wake ni ua mmoja, wa udongo mmoja, uliochimbwa mwezi mmoja. Akafikiri, kisha akanitajia maboma manne ambayo maigoya yake hayakutoka kwake. Moja ni la dada yake huko Meru. Mbegu ya ua ule, kama anavyoiita, ililetwa na mume wa dada yake kutoka upande wa Pwani, na majani yake ni madogo kuliko haya. Ameahidi kuwapigia wote simu kabla sijafika.

Nimerudi na mizizi mingine gramu 600 mbichi, vitawi sita vya kuchomeka kwenye makopo nyuma ya maabara, na mkungu wa ndizi alizoivisha kwa majani yaleyale. Utomvu wa kwanza nimeugawa leo jioni kwenye safu ya silika: chupa 24, nambari kwa wino usiofutika. Nambari 9 hadi 11 ndizo zenye doa la zambarau. Nyuzi nimeshakata, Tyrode iko tayari, kalsiamu imekwenda mwisho. Kesho machinjioni saa kumi na moja, na naanza na nambari 1.